Mwitikia Salamu wa Uwanja wa Tenisi

Mimi sikusoma. Nnalitanguliza hili ili msomaji asije akamlaumu mjukuu wangu, anayeandika haya kama nnavyoyatamka. Makosa ya fikra ni yangu. Makosa ya herufi ni ya skuli yake.

Nnataka kueleza namna mashindano ya tenisi ya kila mwaka ya hapa Maskati yalivyoanza, yalivyokua, na yalivyokaribia kuhamishiwa mji mwengine kwa sababu ya adabu njema. Wako watakaoyaeleza kwa majina ya mabingwa na vikombe walivyochukua. Majina yao mimi sikuweza kuyashika, na vikombe nilivyoviona havifai kunywea kitu.

Asili yake ni mwanangu. Nilimpeleka ng'ambo asome uhasibu, akarudi na raketi. Uhasibu pia alirudi nao, lakini raketi ndiyo aliyoshuka nayo mkononi kwenye ndege, na mimi nimesimama na jamaa wote tukimngoja. Alipopata kazi katika hoteli moja yenye viwanja viwili vya tenisi nyuma yake, hakutulia mpaka alipokishawishi chama cha huko ng'ambo, kile kinachotoa ruhusa ya miji gani ialike wachezaji wanaocheza kwa kulipwa. Wakamkubalia kwa majaribio.

Mwaka wa kwanza wachezaji walifika, na watazamaji hawakufika. Viti vilikuwa vya kukodi, vya arusi, na vyengine bado vina mafundo ya utepe mgongoni. Mwanangu akanijia karakana kwangu, mtaa wa Ghala, nami nimo chini ya gari.

"Baba, nakuomba uje ukae."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu. Na wenzako pia waje. Viti vitupu, Baba. Nnaona haya."

Nikatoka chini ya gari. Mgeni akija mjini kwako, akawa anahangaika juani peke yake wala hapana mtu wa kumkalia, hiyo ni fedheha ya mji mzima. Baada ya sala ya alasiri niliwasimamisha wazee wa msikiti wetu, wengi wao watu wa Unguja kama mimi, nikawaambia twendeni. Hawakuuliza wapi. Mmoja alidhani ni maziko, akawa njia nzima anamrehemu maiti.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa watazamaji wa tenisi. Mchezo wenyewe mwanzo haukunipendeza. Watu wazima wawili wanagombania mpira mmoja, na kila mmoja akiupata anautupa. Hesabu yao nayo ni ya watu wasio na haya: bao la kwanza ni kumi na tano, la pili thelathini, la tatu arubaini. Nikamwuliza mwanangu hizo tano nyengine kazichukua nani. Akasema ndiyo sharia. Nikamwambia mimi sikwenda skuli, lakini duka lenye hesabu kama hii lingefungwa.

Hata hivyo mwaka wa pili tulirudi, na wa tatu. Wachezaji waliokuja walikuwa bora zaidi, viti vya arusi vikaondoka, likajengwa jukwaa la ngazi ngazi lenye kivuli. Ulikuwako mwaka mmoja iliponyesha mvua siku ya nusu fainali. Sisi tunaokaa miezi chungu nzima tunaiomba mvua kwa Mwenyezi Mungu tulisimama sote, tukashukuru, tukapeana mikono, wengine wakatoka nje wakalowe. Wageni walikuwa chini ya mwavuli, nyuso zimewashuka kama waliofiwa. Mchezaji mmoja, mrefu, mwekundu, ambaye ndiye aliyekuja kila mwaka tangu mwanzo bila ya kukosa, alikuwa amekaa na raketi magotini. Mzee wetu mmoja akenda kumpa hongera. Yule kijana hakujua hongera ya nini, akaipokea.

Sasa nieleze ugomvi ulivyoingia. Kwetu, mtu akiingia walipo watu, huwasalimu. Kusalimu ni sunna, kuitika ni fardhi. Kisha huanzia kulia kwake, akapita kwa kila mmoja, akampa mkono, akamwuliza khabari, akajibiwa kuwa khabari ni njema, kisha akapewa khabari yenyewe, ambayo mara nyingi si njema hata kidogo. Ndivyo tunavyofanya majumbani, kwenye maziko na kwenye arusi, na hapana aliyetuambia kuwa tenisi ni kitu cha nne. Kila ilipoadhiniwa magharibi tulikwenda kusali, na tuliporudi tulisalimu upya, maana tulikuwa tumeachana.

Mwamuzi, anayekaa juu ya kiti kirefu kama mchunga ndege wa shamba la mpunga, alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, "Tafadhali, kimya." Nasi tulimwitikia kwa heshima, sote kwa pamoja, kuwa tumesikia.

Miaka ya mwanzo hayo yalistahamiliwa, kwa kuwa bila ya sisi jukwaa lingekuwa tupu. Lakini mashindano yalipokua, chama cha ng'ambo kikaleta mkaguzi. Alikuja siku ya fainali. Yule kijana mrefu mwekundu alikuwa amebakisha bao moja tu achukue kikombe. Akaudundadunda mpira, akaurusha juu, akaifungua mikono yake kama tai. Hapo ndipo akaingia rafiki yangu mpishi wa halua.

Huyu ni mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na moto wa kuni. "Asalaam alaykum!"

"Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh!" Jukwaa zima. Mpira ulikwenda nje ya uwanja, nadhani mpaka maegeshoni.

Mwamuzi akaomba kimya. Rafiki yangu akamshukuru, akaanza safu ya kwanza kutoka kulia.

"Khabari za nyumbani?"

"Njema, alhamdulillahi. Na wewe?"

"Njema kabisa. Ila mguu. Na paa limevuja. Na yule shemeji yangu wa Qurayyat katalikiana."

"Inna lillahi! Lini?"

"Kaa nikueleze."

Yule kijana akakaa chini kwenye uwanja, akajifunika taulo kichwani. Alipoinuka akashindwa bao lile, na la baadaye, na kikombe kikaenda kwa mwengine. Mkaguzi akafunga kifungo cha koti lake.

Usiku ule mwanangu hakula. Mama yake akamwekea samaki wa kupaka, akawa anamtazama kama mtihani. Mwisho akasema, "Baba, wameniambia. Mwakani mkaguzi atarudi. Ikitokea tena, mashindano yanahamishiwa mji mwengine wa Ghuba."

"Kwa ajili ya salamu?"

"Kwa ajili ya makelele, Baba."

"Salamu si makelele. Wewe ulivyozaliwa, kitu cha kwanza ulichopigiwa sikioni ni adhana. Hukusema 'tafadhali, kimya'."

Mke wangu akacheka, mwanangu hakucheka. "Baba, kazi yangu yote ni hii. Ujana wangu wote umo mle uwanjani. Yakiondoka, mimi nitakuwa mtu aliyewahi kuleta kitu Maskati kikamshinda."

Nilimkaripia kwa maneno hayo, kisha nikakosa usingizi. Sikuweza kuwaamrisha wazee wenzangu waiwache sunna kwa sababu ya mpira, na sikuweza kumtazama mwanangu akishindwa. Alijaribu mwenyewe kwa kutundika mabango ya kuomba kimya. Mimi siwezi kusoma, na wenzangu wanaoweza waliona yamekusudiwa vijana.

Ufumbuzi ulinijia msikitini, wala haukuwa wangu, ulikuwamo katika dini siku zote. Kuitika salamu ni fardhi ya kutoshelezana: watu wakisalimiwa kwa pamoja, mmoja wao akiitika, amewaitikia wote. Basi nikawakusanya wazee nikawaambia, "Mwakani nitakaa kwenye mlango wa uwanja. Kila aingiaye atanisalimu mimi kwa niaba ya jukwaa, nami nitamwitikia kwa niaba yenu. Mikono yenu nitaipokea mimi, na khabari zenu nitazisikiliza mimi."

"Zote?" akauliza mpishi wa halua.

"Zote."

"Na za mguu?"

"Nimeshasema zote."

Wakakubali, lakini si kwa wepesi. Mzee mmoja alitaka kujua iwapo thawabu za kuitika nitazichukua peke yangu.

Mwaka uliofuata nilikalia kiti changu pale mlangoni, nimevaa kanzu ya Idi na kilemba, mgongo nimeupa uwanja. Hilo lilinigharimu, maana kufikia wakati huo nilikwisha kuupenda mchezo, ingawa nyumbani sikumwambia mtu. Nikaitika salamu, nikapokea mikono, nikauliza watoto na mifugo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwanangu alipokuja mbio.

"Baba, jukwaa tupu!"

Nikatazama. Kweli, hapana aliyekuwa ameingia. Aliyekwisha kunisalimu alikuwa anangoja kusikia khabari za anayefuata, na wote walikuwa wamejazana mlangoni, wengine wamechutama, na kahawa imekwisha kufika, sijui kutoka wapi.

"Ingieni!" nikawafokea. "Wenye miaka sabiini mnafukuzwa kama mbuzi! Wewe, acha finjani! Ingieni mkae, na atakayekohoa akohoe kwenye kilemba chake!"

Wakaingia kimya, kimya cha kutisha. Nikasikia mpira ukigonga raketi waziwazi, kitu ambacho katika miaka yote ile sikuwahi kukisikia.

Ndipo akafika mkaguzi. Alikuwa ameambiwa kuwa pale pana mzee wa salamu, na yeye, kwa kuogopa kufanya makelele, akapita kwa ncha za vidole bila ya kusema kitu. Nikamwita arudi. Mwanangu, aliyekuwa ubavuni pangu kumfasiria, akaninong'oneza.

"Baba, huyu ndiye mkaguzi."

"Namjua. Mwambie hapa ndipo pahala pa salamu. Ndani hamna."

Mkaguzi akarudi, akanipa mkono, nami sikuuwacha. Nikamwuliza khabari zake. Akasema ni njema. Nikangoja. Mwanangu akamweleza kuwa baba yake anangoja khabari yenyewe. Yule mtu akasema kuwa mama yake ni mgonjwa, hamtambui tena, na kazi yake ni ya kusafiri, na kila akirudi anakuta amesahauliwa zaidi. Alisema mengi. Nikanyanyua mkono wangu wa pili nikaanza kumwombea mama yake dua.

Nikiwa katikati ya dua, rafiki yangu wa halua akafika. Akaukuta mlango umezibwa na mkaguzi, na kwa heshima ya mgeni hakutaka kupenya. Akazunguka. Akaingia kwa mlango wa wachezaji, akatokea ndani ya uwanja wenyewe, nyuma ya yule kijana mrefu mwekundu aliyekuwa ndiyo kwanza anaurusha mpira juu.

"Asalaam alaykum!"

Nikaisikia. Jukwaa zima likageuka kunitazama mimi, kwa kuwa ndiyo mapatano. Na mimi nimeshikwa mkono na mtu anayelia, nimo ndani ya dua, na dua haikatwi kama uzi. Hapana aliyeitika. Salamu ikaning'inia pale juu ya uwanja, haina mwenyewe, na rafiki yangu amesimama kwenye mstari mikono imemlegea, hajapata kufanyiwa hivyo tangu azaliwe.

Yule kijana akaudaka mpira. Akageuka, akaweka mkono kifuani, kama alivyotuona tukifanya miaka yote ile, akasema, "Waalaykum salaam."

Mzee mmoja akanong'ona, "Je, imetutosha?"

"Haijatutosha, si mmoja wetu."

"Miaka yote hii anakuja, si mmoja wetu vipi?"

"Anakuja kwa tenisi, si kwa uchumba!"

Mnong'ono ukawa mjadala, mjadala ukawa makelele, mwamuzi juu ya kiti chake akaomba kimya kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu, kisha akaacha. Nilipomaliza dua niliitika kwa sauti yangu yote, ili pasiwe na shaka. Mkaguzi akafuta macho, akaniaga, akaingia. Mwanangu akamfuata kama mtu anayepelekwa kwa kadhi.

Walikaa muda mrefu katika chumba cha maofisa. Kijana mrefu mwekundu naye akaitwa akaulizwa, kwa kuwa ndiye aliyedhurika. Nilikuja kuambiwa baadaye alichokijibu: kwamba katika miji yote anayozunguka mwaka mzima, huu ndio mji pekee ambao watu hujua kuwa ameingia.

Lakini hayo bado sikuyajua. Nilikuwa nimekaa mlangoni, mchezo umekwisha na watu wametoka. Mwishowe nikamwona mwanangu anakuja. Akasimama mbele yangu wima.

"Asalaam alaykum, Baba."

"Waalaykum salaam. Wamesemaje?"

Akanipa mkono. "Hujambo, Baba?"

"Sijambo. Wamesemaje?"

"Umeshindaje? Afya?"

"Njema. Mtoto, wamesemaje?"

"Na Mama, mzima?"

"Mama yako umemwona leo asubuhi!"

"Na jamaa? Na majirani? Na rafiki yako, mguu wake?"

Kwa mara ya kwanza katika uhai wangu nikaona kuwa salamu zetu ni ndefu. Lakini sikuwa na pa kupita, kwa kuwa njia hiyo niliitengeneza mwenyewe. Nikamjibu moja baada ya moja, mpaka jamaa wakaisha, na majirani, na mguu. Ndipo nami, kama inavyotakiwa, nikamwuliza khabari.

"Njema, Baba," akasema. "Yanabaki."