Sauti ya Shemeji Ndani ya Kabati

Kompyuta niliyoigeuza kuwa seva niliinunua katikati ya mji, ghorofani katika jengo moja la Luthuli Avenue, kwa muuzaji wa mitambo iliyoondolewa maofisini. Ilikuwa ya kijivu na nzito, na ubavuni bado ilikuwa na kibandiko cha stoo ya kampuni ilikotoka. Kibandiko hicho ndicho kilichonivuta. Nilikuwa mtu wa stoo maisha yangu yote ya kazi. Nilitoka shule ya sekondari nikaingia moja kwa moja kwenye rafu za karatasi na wino, nikastaafu kutoka kwenye rafu hizohizo. Nilipokiona nilijua mimi na mashine ile tutaelewana.

Habari za seva nilikuwa nimezisoma pale saiba, duka la intaneti, ya Ngong Road. Maelezo yalikuwa mengi, lakini mtu wa stoo huyaelewa haraka. Seva ni kompyuta isiyozimwa, na kazi yake ni kukaa mahali pamoja na kuwawekea wengine vitu vyao. Wewe uko chumbani na kompyuta yako, unaitisha faili, seva inakupa kutoka sebuleni kupitia waya. Huhitaji mtandao wa nje wala ruhusa ya mtu. Ni stoo ndani ya nyumba yako, na ufunguo ni wako. Siku niliyoelewa jambo hilo nilitembea kurudi nyumbani Woodley nikiongea peke yangu barabarani.

Mke wangu alinikuta nikiishusha kutoka kwenye teksi.

"Hiyo ni nini tena?"

"Ni stoo, Mama."

"Stoo tuko nayo. Imejaa mbao za nyumba ya kuku."

Hakuwa akinionea. Nyumba ya kuku niliijenga, kuku hawakuwahi kuja. Tangi la maji ya mvua nililinunua, likakaa miaka bila mfereji wa kulifikishia maji. Nilikuwa mwanzilishi hodari, na mke wangu alikuwa ameishi kati ya mianzo yangu muda mrefu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa mimi ni wa magharibi na yeye ni wa Kiambu na hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Kwa Kiswahili hicho alikuwa na namna ya kusema "tena" iliyotosha kunikumbusha yote.

Safari hii lakini nilikuwa na moto. Mfumo wa kuendeshea seva ulikuja bure, kwenye sidii iliyobandikwa ndani ya jarida la kompyuta. Niliusakinisha ukakataa, nikausakinisha upya ukakubali nusu. Nilichapisha maelekezo saiba, nikayasoma mezani kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nilivuta waya kutoka sebuleni hadi chumba cha binti yetu, aliyekuwa amehamia Parklands na kutuachia kompyuta yake ndogo ya zamani. Kwenye kompyuta hiyo niliandika namba za anwani ya seva, nikabonyeza, nikangoja. Ukurasa mweupe ukafunguka na maneno niliyoyaandika mwenyewe: Karibu stoo.

Nilimwita mke wangu kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Alikuja mbio na unga wa chapati mikononi.

"Ona," nikamwambia. "Hayo maneno hayako hapa. Yako sebuleni. Yametembea kwa waya."

Akayasoma. "Na kwenye hiyo stoo kuna nini?"

"Sasa hivi hakuna kitu."

"Stoo tupu," akasema, akageuka kurudi jikoni. Kisha akasimama mlangoni. "Inaweza kuweka kanda za kwaya?"

Hapo ndipo mchezo wangu ulipogeuka kuwa kazi.

Kanda zile zilikuwa za kwaya ya akina mama wa kanisa letu. Miaka mingi nyuma mtu alikuwa akiweka redio kaseti kwenye benchi la mbele na kurekodi. Hakuna nakala nyingine iliyokuwepo popote. Kwaya ilimpa mke wangu azitunze, naye alizitunza ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda. Waliokuwa wakiimba humo, baadhi walikuwa wameshakufa. Mmoja wao alikuwa dada yake mkubwa, shemeji yangu, mwimbishaji wa kwaya. Alikufa kabla hatujafikiria kurekodi kitu kingine chochote chake. Sauti yake ilikuwa kwenye kanda moja tu, na mke wangu hakuwa akiicheza kwa kuogopa kuichosha.

Kwaya ilikuwa inakaribia kusherehekea miaka tangu ianzishwe, na akina mama walikubaliana kunywa chai kwetu. Mke wangu alitaka wamsikie dada yake siku hiyo, kisha kila mmoja apate nakala. Aliniletea bati lile akaliweka mezani bila kuliachilia.

"Hii si nyumba ya kuku," akasema.

"Najua, Mama."

Nilichomeka waya kutoka tundu la redio kaseti yetu hadi nyuma ya kompyuta. Kanda haina njia ya mkato, lazima uicheze yote ili mashine iisikie yote. Kwa hiyo nilikaa nikasikiliza. Nilisikia watoto wakilia kanisani, viti vikiburutwa, mtu akikohoa mstari mzima. Kisha nikafika kwenye kanda ya shemeji.

Sina budi kueleza kwamba sikuwa nimewahi kumsikia akiimba. Shemeji alinialika mara nyingi. "Shemeji, Jumapili tunaimba, ukikosa nitakupigia magoti mlangoni kwako watu waone," alikuwa akisema, nami nacheka na kuahidi. Jumapili ikifika nilikuwa na marafiki, na marafiki walikuwa na kreti ya bia. Aliimba miaka yote ile mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ninapokaa. Nikaja kumsikia kwa mara ya kwanza kupitia waya, nikiwa na mvi, naye hayupo. Alikuwa akianza chini kabisa, kama anayesalimia, halafu kabla hujajiandaa sauti iko darini na wenzake wanaitikia kwa nguvu kumfuata. Nililazimika kusimama. Nilizunguka meza. Nilijuta, ndiyo, lakini majuto yenyewe yalikuja yamechanganyika na furaha ambayo sikuwa na haki nayo.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Sauti ilipokuwa imeingia salama kwenye seva, sikutulia. Nilimwita jirani nimwonyeshe kwamba iliyo kwenye mashine na iliyo kwenye kanda hazina tofauti. Nikairudisha kanda kwenye redio bila sababu yoyote ya maana, ila kujionyesha. Redio ikaitafuna. Nilisikia ule mlio ambao kila aliyewahi kumiliki kanda anaujua. Nikavuta kwa haraka badala ya kuzima, ikakatika na kujikunja kama nywele zilizoungua. Jirani alikumbuka kwamba ameacha maziwa motoni.

Nilimwambia mke wangu jioni hiyohiyo. Alikaa na kanda mapajani, akijaribu kuinyoosha kwa kidole.

"Kwa hiyo sasa yuko humo peke yake," akasema, akiitazama seva.

"Yuko humo."

"Basi hiyo mashine isipate hata vumbi."

Wiki iliyofuata alikuwa na sindano ya kufumia mkononi kila alipokaa. Nyumba yetu, kama nyumba zote za rika letu, ilivikwa vitambaa vya kufuma kila mahali: viti, meza, redio, televisheni. Kitu cha thamani hakikuachwa uchi. Alifuma kitambaa cheupe chenye maua ya samawati pembeni, kikubwa, kikaifunika seva juu na ubavu wote hadi chini, pamoja na matundu yake ya feni. Nilikuwa nimesoma, tena kwa maandishi makubwa, kwamba mashine lazima ipumue. Lakini katika miradi yangu yote ile ilikuwa ya kwanza aliyoifumia kitu. Sikuweza kumwambia akitoe. Zaidi ya hapo, asubuhi ya sherehe, kwa kuwa wageni wanakuja, niliihamishia mwenyewe kwenye kabati la sebuleni kati ya glasi na sahani za harusi, nikafunga milango ya kioo. Ilipendeza kuliko chochote nilichowahi kumiliki.

Akina mama walifika kwa pamoja, na sebule ikajaa. Binti yetu alikuja kutoka Parklands na maandazi, akakaa na kompyuta ndogo na spika karibu na dirisha. Mwenyekiti wa kwaya, mama mnene mwenye mizaha, aliangalia kabati.

"Mzee, umetuita tusikilize sahani?"

"Subiri, Mama Mwenyekiti. Utasikia."

"Sisi tumekusubiri kanisani tangu ukiwa na nywele," akajibu, na wote wakaangua kicheko, wa kwanza akiwa mke wangu.

Tulianza na nyimbo nyingine. Kila wimbo ulipoanza walipiga kelele wakijitambua. "Huyo ni mimi." "Wewe? Hiyo ni ng'ombe ya jirani ya kanisa." Nilisimama kando ya kabati kama dereva kando ya gari jipya. Kisha mke wangu akamwashiria binti yetu, na shemeji akaanza kuimba.

Vikombe viliwekwa chini. Aliimba ubeti mmoja, wenzake wakaitikia. Akaanza wa pili, akapanda, na kabla hajafika darini sauti ikakatika. Ndani ya kabati feni ilikuwa imenyamaza pia.

"Baba?" akasema binti yetu. "Seva haipatikani."

Nilimwangalia mke wangu. Hakuniangalia. Alikuwa akilitazama kabati, na uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Mwenyekiti, ambaye nadhani hakuelewa hatari yenyewe bali aliona uso ule tu, akaudaka wimbo pale ulipoachwa. Wengine wakamfuata kila mmoja kwa sauti yake. Lakini kila walipofika sehemu ya mwimbishaji hakuna aliyeichukua. Waliiacha wazi, wakahesabu kimya kwa vichwa, kisha wakaitikia wote.

Mke wangu alifungua kabati wakati wakiimba. Joto lilimpiga usoni. Akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa upesi.

"Hii ni pasi," akasema. "Imeshindwa kupumua."

"Nilijua inahitaji hewa," nikamwambia, na wimbo ulikuwa umekwisha, kwa hiyo wote walisikia. "Nilijua tangu mwanzo. Sikutaka kukuambia uondoe kitambaa chako, na milango nimefunga mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akakivua kitambaa. "Ungesema tu. Ningekata matundu."

Tuliibeba hadi mezani, dirishani. Mwenyekiti akaamuru ipepewe, na akina mama wakaipepea kwa vitabu vya nyimbo, wakibishana ni upande gani unaovuta hewa. "Hukuja kutusikiliza," aliniambia akipepea, "tumekufuata hadi kwako, na bado unatunyamazisha." Nilicheka kwa sababu nisingecheka ningelia.

Ilipopoa vya kutosha kushikwa, nikaiunganishia skrini na kuiwasha. Skrini ikaandika kwamba imezimika vibaya na lazima ikague diski kwanza. Namba zikaanza kupanda kwa uvivu. Chai ikamiminwa mara ya pili, lakini hakuna aliyerudi kukaa. Walisimama nyuma yangu wakizisoma namba kwa sauti, kama matokeo ya uchaguzi, na zilipokwama mahali mmoja wao akaanza kuomba. Mke wangu alishika mgongo wa kiti changu. Namba zikasogea. Zikafika mwisho. Feni ikatulia kwenye mlio wake wa kawaida, na binti yetu akasema taratibu, "Iko. Zote ziko."

"Cheza ya dada," akasema mke wangu.

Shemeji akaanza tena, chini, kama anayesalimia. Safari hii hawakusikiliza tu. Alipopanda wakamwacha apande, na alipowaachia wakaitikia kwa sauti zao za uzee juu ya sauti zao za ujana, mpaka glasi zikalia kwenye kabati lililoachwa wazi. Mke wangu aliimba huku amefumba macho. Mimi niliitikia pia. Nilikosea kila mahali pa kukosea, na hakuna aliyenijali.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mke wangu amevaa koti.

"Tunaenda mjini," akasema. "Tununue diski nyingine. Dada hawezi kukaa nyumba moja tu."

Alipanda mwenyewe ngazi za Luthuli Avenue, akamuuliza muuzaji maswali ambayo mimi sikuwahi kuyauliza, la kwanza likiwa hewa inaingilia wapi. Nyumbani alivuta kiti mbele ya skrini akaangalia nyimbo zikihamia diski mpya, moja baada ya nyingine, akinitajia kila moja iliyovuka. Binti yetu aliipitia diski akitoka kazini.

Alipofika kwake alipiga simu. Alisema ameichomeka na imekubali, kisha tukasikia akiiweka simu karibu na spika. Sauti ya shemeji ilikuja kutoka Parklands, nyembamba na ya mbali kidogo, lakini yeye hasa. Mke wangu aliishika simu mbali na sikio ili tusikie wote wawili. Tulisikiliza mpaka ubeti ukaisha.

"Vizuri," akaniambia kisha, macho yakimng'aa. "Sasa tafuta nyumba ya tatu."