Nyasi za Koko

Jumamosi iliyopita tulimzika jirani yetu wa zamani, mbele kabisa ya Kajiado mjini, mahali watoto wake walihamia baada ya kuuza shamba la Kitengela. Nilirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, nikakaa kwenye stuli ya jikoni bila hata kuvua kitambaa cha kichwa. Mhubiri alikuwa amesema marehemu alikuwa mama wa maombi, mama mkarimu. Yote ni kweli. Lakini mimi, nikiwa nimekaa hapo na beseni la vyombo vichafu mbele yangu, nilikumbuka nyasi.

Kama ulifika Noonkopir, huko Kitengela, miaka ile ya tisini, unajua palivyokuwa. Nyumba za mabati hapa na pale, kisha uwanda mtupu hadi macho yachoke. Asubuhi nyingine ungekuta nyumbu wamesimama karibu na choo, wametulia kama wageni waliofika mapema. Nyanya yangu alikuwa ametoka Ukambani kumfuata baba yangu, aliyefanya kazi kiwandani Athi River, na mimi nililelewa naye. Boma la jirani huyo lilikuwa hatua mia moja kutoka kwetu. Tulimwita koko, kama Wamaasai wanavyomwita bibi, na tulimsalimu kwa kuinamisha kichwa ili atuguse utosini. Kiganja chake kilinuka maziwa na moshi.

Kila Jumamosi nyanya alitwanga mahindi ya kupika muthokoi, na mimi nilimpelekea koko bakuli moja, nikarudi na maziwa kwenye kibuyu. Muthokoi wa nyanya ulikuwa mtamu, lakini nikiwa mkweli, nilichopenda zaidi ni yale maziwa, na ule weusi wa mkaa wa kusafishia kibuyu uliobaki chini ya kikombe.

Sasa, koko alikuwa na jambo moja lililotuchekesha. Kando ya pipa lake la maji kulikuwa na kipande cha nyasi, hakizidi upana wa mkeka wa mtoto. Hata ukame ukaze namna gani, ng'ombe wabaki mifupa, hicho kipande kilikuwa kibichi. Alikizungushia miiba mbuzi wasifike, na maji yote ya kuosha vyombo yaliishia hapo. Jioni alinituma mimi: "Entito, peleka maji kwa nyasi." Entito ni msichana, ndilo jina aliloniitia miaka yote.

Nyanya hakuyaelewa hayo. "Unamwagilia nyasi kama sukuma wiki! Kwani utapika?"

"Iko kazi yake," koko alisema.

"Kazi gani? Hata ndama humpei!"

Koko alicheka tu, akaendelea kusugua sufuria kwa majivu.

Nilikuwa darasa la sita nilipoiona hiyo kazi. Ilikuwa siku ya soko, saa tisa hivi, na mimi nilikuwa kwa koko nikisuuza vibuyu. Tulisikia kelele kwanza, zile kelele ambazo ukishazisikia mara moja huhitaji kuambiwa ni za nini. Kisha tukamwona mwanamume anakimbia, shati limepasuka, anaanguka, anainuka. Nyuma yake watu wa soko, vijana wengi, na mbele yao wamorani wawili, vijana wa Kimaasai wenye rungu. Mmoja wa wale vijana alikuwa akisukuma tairi kuukuu.

Mlango wa boma la koko ulikuwa tawi la miiba. Alilivuta kwa mikono mitupu, mwanamume akaingia, akaanguka karibu na pipa. Koko akang'oa nyasi, akamtia mkononi, akaukunja mkono ule kwa nguvu kama mtu anayemfunga mtoto vidole kwenye shilingi. Akang'oa nyingine, akasimama mlangoni, akaziinua juu. Damu ya ile miiba ilikuwa ikimtiririka hadi kiwikoni.

"Koko, toka hapo! Huyo ni mwizi wa kondoo!"

"Nimesikia. Na yeye amesema nini?"

"Mwizi anasema nini?"

"Basi hajaulizwa."

"Huyu mama anatupatia majani," mmoja akapiga kelele, "sisi ni mbuzi?" Wengine wakacheka.

Lakini wamorani hawakucheka. Walishusha rungu. Mkubwa wao akageuka akawaambia wale wa soko, kama mtu aliyechoka, "Ameshika nyasi. Kwetu aliyeshika nyasi hapigwi. Imeisha." Watu wa soko hawakujua nyasi ni nini, walichojua ni kwamba wale waliokuwa mbele wamesimama, na hakuna aliyetaka kuwapita.

Nyanya alifika akihema, mwiko bado mkononi. "Ni wa wapi huyo? Ni mtu wetu?"

"Sijui," koko akasema. "Ako na kiu. Tuanze na hiyo."

Nikamletea maji. Meno yake yalikuwa yakigonga kikombe.

Wazee waliitwa, na mtu huyo akaulizwa. Alikuwa kibarua wa machimbo ya mawe, ametoka mbali, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akasema ndiyo, kondoo alimchukua, alikuwa hajala. Basi kwa amri ya wazee akamchimbia mwenye kondoo bwawa la kuvunia maji, wiki tatu, akilishwa hapo hapo, kisha akaenda zake. Sikumwona tena. Nyanya alikasirika sana aliposikia kwamba kweli aliiba. "Ulisimama mbele ya rungu kwa ajili ya mwizi?"

"Hizo nyasi sikuwawekea watu wazuri peke yao," koko akamjibu.

Mwaka uliofuata mwalimu alitufundisha haki za binadamu. Zilianzia Ulaya, alisema, ziliandikwa na wakubwa baada ya vita vikubwa, kisha zikatufikia sisi. Tukaandika. Alikuwa mwalimu mzuri, alisema kilichokuwa kitabuni. Mtihani ulipouliza zilitoka wapi, niliikumbuka damu kwenye kiwiko cha koko, nikainua kalamu, kisha nikaandika Ulaya. Nilitaka alama, nikaipata. Mimi sikusoma sana, siwezi kukuambia wazo kama hilo lilianzia wapi duniani. Naweza tu kukuambia kwamba koko hakujua kusoma, na hicho kitabu hakikuwahi kuingia bomani mwake.

Miaka ya elfu mbili ilikuja na kamba za kupimia ploti. Watoto wa koko waliuza kidogo kidogo, kisha wakauza yote. Pale palipokuwa na pipa kuna nyumba ya ghorofa na sakafu ya saruji. Nyanya alikufa, akaniachia nyumba yake. Mume wangu akajenga ukuta wa mawe na geti jeusi la chuma, na mimi nilifurahi. Nilipaka lile geti rangi mwenyewe.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku moja, mchana, nilikuwa nikifua nguo uani. Nikasikia zile kelele. Kisha geti likagongwa kwa viganja vyote viwili, karibu kabisa na sikio langu, na sauti ya kijana ikasema, "Mathe, fungua! Tafadhali, mathe, wananiua!" Nilisikia neno simu, walikuwa wakimwita mwizi wa simu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Niliushika. Nilisimama nimeushika.

Ningekuambia nilikuwa nikiwalinda watoto, lakini watoto walikuwa shuleni.

Nilipofungua, walikuwa wamemaliza na kuondoka. Yule kijana alikuwa na umri wa kifungua mimba wangu. Sijui kama aliiba. Hakuna aliyemuuliza.

Koko aliishi miaka mingine baada ya hapo, na nilikwenda kumwona mara mbili. Alinigusa utosini, mwanamke mzima mimi, akauliza habari za Noonkopir. Nikasema ni njema. Siku ya mazishi nilitaka kusimama niseme habari za nyasi, lakini anayesema habari hizo angetakiwa aseme na za geti, nikabaki nimekaa.

Nimejaribu kupanda nyasi nje ya ukuta wetu. Nazimwagilia maji ya vyombo, na majirani wapya wananiona kichaa. Mara mbili zimekanyagwa na pikipiki, mara moja zililiwa na mbuzi wa mtu. Safari hii zimeshika kidogo. Lakini hakuna anayepita hapa ambaye angejua ni za nini, na mimi ninajua vizuri zaidi ya wote kwamba haziwezi kufungua geti. Koko aliuvuta ule mlango kwa mikono yake.