Mpira Alioupokeza Bagula

Wanaosema shemeji yangu Bagula alihongwa na wacheza kamari wangemwona anaingia uwanjani siku ile, na koti lake la kanisani na viatu alivyovipaka rangi mara mbili, wangefunga midomo. Bagula hakujua hata mchezo wenyewe unachezwa vipi. Tiketi alipewa na bosi wake wa ghala kwa sababu hakukosa kazi mwaka mzima. Ilikuwa fainali ya ubingwa wa besiboli, Louisville na Columbus, kila timu imeshinda mchezo mmoja na wa tatu ndio wa kuamua, na kiti chenyewe kilikuwa mbele kabisa, kwenye kiukuta kifupi kando ya uwanja. Alikwenda kwa sababu zawadi haikataliwi.

Mimi ni Fides, dada mkubwa wa marehemu mke wake, Alliance. Nitasema nilivyoona, na wa kukasirika akasirike.

Tulipokimbia Kivu, kule Kongo, Bagula aliacha makaburi nyuma: baba yake, mama yake, na mtoto wake wa kwanza. Hajui kama bado yapo au wamelima juu yake. Kwa hiyo Alliance alipofariki hapa Louisville, Marekani, kwa ugonjwa wa figo, Bagula alisimama mbele ya waumini wote akasema kaburi hili hataliacha. Na hakuliacha. Kila Jumapili, kanisa likiisha, alipanda basi kutoka mtaa wetu wa Newburg hadi makaburini, akang'oa majani kwa mkono ingawa kuna watu wenye mashine wanaolipwa kuyakata, akakaa chini, akamsimulia mkewe habari za juma. Mdogo wake Bagula, Cikuru, anayekaa Columbus, alimwita mara nyingi ahamie kwake, kazi ni nzuri zaidi. Jibu lilikuwa lile lile: "Alliance nitamuacha na nani?"

Sasa huo mchezo. Louisville walikuwa nyuma kwa pointi moja na nafasi yao ilikuwa ya mwisho. Mpigaji wetu akaupiga mpira, ukaja unaviringika chini ya kile kiukuta, na mwenzake wa Louisville akawa anakimbia kwenda kusawazisha. Mchezaji wa Columbus alikuwa anaufukuzia mpira, amechoka, ulimi nje. Mpira ukamfikia Bagula. Bagula akainama juu ya ukuta, akauokota, na yule kijana alipofika akampokeza kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo, kama tunavyompa mtu kitu chochote kwetu. Ndivyo alivyolelewa. Kwetu mpira ukitoka, aliye karibu anaurudisha, na anayeukalia ndiye mkorofi.

Kumbe kwenye besiboli mtazamaji akigusa mpira unaochezwa, ameuua. Mwamuzi akasimamisha kila kitu. Yule mkimbiaji aliyekuwa karibu kufika akarudishwa nyuma, mpigaji aliyefuata akapiga hewa, na Columbus wakabeba kombe. Wema hauozi, wanasema. Wa Bagula ulioza pale pale, mbele ya kamera.

Mji ukagawanyika. Wengine walisema mwamuzi ametuibia, mkimbiaji angefika hata kama Bagula asingezaliwa. Wengine walisema mwamuzi hana kosa, mwenye kosa ni yule mtu wa mikono miwili. Kilichowaudhi zaidi ni kuinama. Kumpa adui mpira, na kumpa kwa heshima! Picha zile zilizunguka kwenye simu mpaka nikachoka kuziona. Mwamuzi alikuwa na askari wa kumsindikiza mpaka kwenye gari lake. Bagula alikuwa na kituo cha basi.

Bosi wake akamwambia apumzike nyumbani kwanza mpaka watu wapoe. Shuleni, Gloire, binti yake wa pekee, akipita kwenye korido wenzake walimwinamia huku wanacheka. Jioni moja nilikuwa nyumbani kwao, Gloire akamuuliza baba yake kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyotujibu, kwa nini ilikuwa lazima ainame.

"Mimi nilimurudishia mutoto wa watu mupira yake," Bagula akasema. "Hiyo njo heshima. Sasa nilifanya mubaya gani?"

Gloire aligeuka. Aliingia chumbani, na baba yake akabaki anautazama mlango.

Halafu akaja mwandishi wa gazeti, mama mpole, ameleta keki. Alitaka kumtetea Bagula, na alimtetea kweli, makala yake ilikuwa nzuri kabisa. Lakini aliandika pia kwamba mtu huyu kila Jumapili yuko kwenye kaburi la mkewe, na picha ya kaburi akaiweka, na msalaba wa mbao wenye maneno "Alliance, mke wa Bagula". Mungu anisamehe, hata leo nikikumbuka ile keki natamani kutapika.

Jumapili iliyofuata tulikwenda watatu. Tulikuta mpira wa besiboli umewekwa juu ya kaburi, kwenye udongo, usawa wa kifua cha mdogo wangu. Ulikuwa umeandikwa kwa wino. Gloire akausoma, akauficha kwenye mkoba.

"Wameandika nini?" Bagula akauliza.

"Hakuna kitu, papa."

Bagula si mjinga. Alimwomba tena, taratibu, mpaka binti akasema. Walikuwa wamemwandikia marehemu: Mwambie mume wako arudi kwenu.

Usiku ule Bagula hakulala, na asubuhi alikuwa amefunga mizigo. "Shemeji, mimi njo wanatafuta, hapana Alliance," akaniambia. "Nikienda, watamuacha alale." Nilimkatalia, nilimfokea, nikamwambia makaburi hayakimbiwi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba Gloire abaki kwangu amalize shule. Akaenda kwa Cikuru.

Columbus walimpokea kama mfalme. Ghalani alikopata kazi walimpigia makofi, wakamnunulia bia asizokunywa, na kuna waliotaka aende uwanjani msimu ukifunguliwa, ainame mbele ya watu wote wapige picha naye. Aliniambia kwenye simu kwamba matusi ya Louisville alikuwa anayaelewa, lakini pongezi za Columbus zilimshinda. Waliamini alifanya makusudi. Akaondoka huko pia, kimya kimya.

Sasa yuko Buffalo, upande wa kaskazini, kwenye nyumba ya Ngarambe, Mnyamulenge mmoja wa kwetu Kivu, asiyeuliza maswali. Anafanya kazi kiwandani, hakuna anayemjua. Mwezi wa tatu ligi ilitangaza kwamba mwamuzi alikosea, ile pointi ingehesabiwa, ila matokeo hayabadiliki. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa Bagula hakupiga simu mtu yeyote, si wa ligi, si wa gazeti, na mimi nawalaani wote bila kuchagua.

Mwaka huu tuliamua kumwekea Alliance jiwe, maana msalaba wa mbao ulishaanza kuoza. Nikampigia Bagula nimsomee maneno: "Alliance, mke wa Bagula, mama wa Gloire."

"Shemeji, toa jina yangu."

"Nini?"

"Toa. Andika tu mama ya Gloire. Wakiona jina yangu watamurudilia."

Nilipiga kelele mpaka majirani wakasikia. "Ulimuoa! Ng'ombe ulitoa, kwa baba yetu, mimi niliona! Sasa alale kama mwanamke asiye na bwana?"

"Donc, basi, unafikiri mimi napenda?" Bagula akasema. "Siko pale ya kumuchunga, shemeji. Ningekuwa pale, jina ingebaki."

Nikapeleka jiwe lichongwe kama alivyotaka. Siku ya kulisimamisha, kina mama wa kanisa walininong'oneza, jina la mume liko wapi. Gloire alikuwa amempigia baba yake simu ya video, ameielekeza simu kwenye jiwe ili aone. Bagula alikuwa bado na nguo za kiwandani.

"Soma," akamwambia mwanawe.

Gloire akasoma kwa Kiswahili: "Alliance, mama wa Gloire."

"Tena."

Akasoma tena.

"Bon, sawa," Bagula akasema. "Sasa njo nimemuacha."