Maji ya Mwenye Jicho

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, nilipogundua kwamba nina jicho. Sisemi macho mawili ya kuonea, hayo nilizaliwa nayo. Nasema jicho lile ambalo Nyanya yangu alilitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mwizi aliye karibu. Ukimsifu mtoto wa mwenzako bila kutanguliza mashallah, mtoto anaugua. Ukitamani sahani ya jirani, chakula kinachacha. "Saumu, tazama vya watu kwa heri," aliniambia kila nilipotoka mlangoni, hata kama nilikuwa naenda bombani tu.

Tulikaa mtaa wa Mbotela, mimi na Nyanya, katika zile nyumba ndogo za baraza la jiji. Ukuta wa pili walikaa Mama Nekesa na binti yake. Nyanya alitoka Mombasa akiwa mke wa mtu, na mume alipokufa hakurudi. Mama Nekesa alitoka Bungoma, akafanya kazi kiwanda cha blanketi, na kila Jumapili aliimba kanisani mpaka vikombe vyetu vikatikisika kabatini. Mimi na Nekesa tulikuwa darasa moja na dawati moja.

Nilimpenda Nekesa. Naandika hivyo mapema kwa sababu huko mbele haitaonekana.

Basi ikaja picha ya sinema, ya Wachina. Tangazo lake lilibandikwa ukutani dukani: mzee mwenye masharubu marefu ameshika brashi, nyuma yake shetani mwenye kucha, na wote wawili wanaonekana wanakimbiana. Ilikuwa picha ya kuwinda mashetani, lakini ya vichekesho, na ingeonyeshwa kwenye holi Jumapili mchana. Mjomba wake Nekesa, aliyeuza mitumba Gikomba, akaahidi kutupeleka sote wawili. Rinda langu nililipiga pasi tangu Ijumaa.

Jumapili, baada ya chakula, Nyanya akaniuliza picha yenyewe inahusu nini. Nami kwa ujinga wangu nikasema kweli.

"Mashetani hawafanyiwi mchezo," akasema. "Vua hilo rinda."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama, ni ya kuchekesha tu."

"Basi nenda ukacheke na sehemu ya huyu."

Niliwatazama wakiondoka. Nekesa alikuwa amevaa soksi nyeupe zilizofika magotini. Alipofika kona akageuka akanipungia mkono. Sikumpungia.

Mbotela ya wakati ule ilikuwa na desturi yake. Aliyeona picha alilazimika kuihadithia, na si kwa ufupi. Alianza na majina yanayopita mwanzoni, akaweka muziki kwa mdomo, akaweka milio ya ngumi, na mtu akianguka kwenye picha, naye alianguka. Wasikilizaji tulikaa kwenye saruji penye bomba, pale mama zetu walipofulia. Picha ndefu iliweza kuchukua wiki nzima. Nekesa alianza Jumatatu baada ya shule.

Ningependa sana kusema alihadithia vibaya.

Yule mzee, kwa maneno ya Nekesa, alikuwa mwindaji mkuu wa mashetani na mwoga kuliko kuku. Mashetani wenyewe hawaoni, lakini wanasikia kicheko, na ukicheka tu wanakula. Tatizo ni kwamba mzee ana msaidizi ambaye kila afanyalo linachekesha. Njia ya pekee ya kumfunga shetani ni kumbandika karatasi ya manjano yenye maandishi mekundu kwenye paji la uso, hapo anasimama kama alivyo. Nekesa alichana karatasi ya daftari, akaibandika usoni kwa mate, akasimama mguu mmoja juu. Watoto wote waliuma midomo wasicheke, kwa kuwa atakayecheka ataliwa.

"Stelingi wa picha ni huyo mzee?" mmoja akauliza.

"Ndio yeye," Nekesa akajibu bila kushusha mguu. "Lakini mwenyewe hajui."

Nyanya yangu, aliyesema mashetani hawafanyiwi mchezo, alikuwa dirishani anachambua mchele. Alichambua sinia ile ile siku tatu. Jioni ya pili akaniuliza, kama mtu asiyejali, "Eti karatasi ya manjano? Kumbe hata Wachina wanaijua zafarani ya kuandikia dawa." Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Picha alininyima, kisha yeye mwenyewe akawa anaila kupitia dirishani.

Na sikuwa na wivu wa picha peke yake. Nilimwonea wivu Nekesa kwa namna shingo zote zilivyomgeukia, kwa wale wasichana wakubwa wa darasa la saba walioacha kusukana ili wamsikilize, kwa sauti yake iliyopanda na kushuka bila kukwama popote. Jumatano alisimamisha hadithi mahali ambapo mzee amezingirwa na mashetani na karatasi zinakaribia kumwishia. Akasema, "Mwisho ni kesho." Watoto wakamsihi. Nikamtazama, nikasema moyoni kwa maneno kamili: sauti hiyo na ikauke. Sikutanguliza mashallah.

Alhamisi Nekesa hakuja shule. Shingo ilikuwa imevimba, homa imepanda, na sauti haikutoka hata ya kuomba maji. Mama yake alimpeleka kliniki, akadungwa sindano, akarudishwa nyumbani na leso shingoni.

Watoto walikusanyika penye bomba kama kawaida, wakatazamana.

"Saumu, si wewe hukaa na yeye?" akasema mmoja. "Lazima alikuambia mwisho."

"Aliniambia," nikasema.

Nilisimama pale alipokuwa akisimama yeye. Nikasema karatasi za mzee zimekwisha, mashetani wamefika, msaidizi ameanza kuchekesha tena. Halafu mlango mmoja ukafunguka, akatoka bibi kizee aliyekasirika kwa sababu kelele zao zilimpotezea hesabu ya mawe kwenye mchele. Mkono mmoja chetezo cha ubani, mkono wa pili mwiko. Akawapitia mashetani mmoja mmoja, anawagonga utosini na kumuuliza kila mmoja mama yake ni nani. Watoto walicheka mpaka mmoja akashikilia bomba asianguke. Shingo zote zilinigeukia mimi. Sijawahi kufurahi hivyo tena, na nasema bila haya.

Nilipoinua macho nikamwona Nekesa dirishani kwao na ile leso yake. Alikuwa amesikia kila neno. Akaweka mkono kooni, na mimi nikaelewa kwamba ananionyesha mahali nilipompiga.

Jioni ile Nyanya akaenda kwao na chumvi na pilipili kavu saba. Nilimfuata. Alivizungusha juu ya kichwa cha Nekesa mara saba, midomo ikisoma, kisha akavitupa kwenye jiko. Kila mtu alijua kipimo hiki. Pilipili ikiungua hukohoza nyumba nzima, na isipokohoza mtu, basi ni jicho. Tukangoja. Hakuna aliyekohoa. Leo najua jiko lilikuwa karibu kuzima, Mama Nekesa alichelewa kutoka kiwandani na makaa yalikuwa yamebaki majivu. Siku ile sikujua.

"Ni jicho," Nyanya akasema.

Mama Nekesa, ambaye hakukosa kanisa hata mvua ikinyesha mawe, hakubisha. "Hata kwetu tunayajua hayo, Nyanya. Sasa tufanye nini?"

"Dawa ni maji ya mwenyewe. Aliyemtia jicho atawadhe, maji yake yachukuliwe. Lakini nani atajitokeza aseme ni mimi?"

Hakunitazama. Nilikuwa nahesabu vidole vyangu vya miguu.

Ijumaa sikujitokeza. Ijumaa watoto waliomba niurudie mwisho, nami nikaurudia, na nikamwongezea bibi kizee mwiko wa pili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nekesa akipona, saruji ile ingekuwa yake tena, na mimi ningerudi kukaa chini na wengine. Nilijua hivyo vizuri, na nililala na wazo hilo.

Jumamosi nilimsikia Mama Nekesa akimwambia Nyanya kwamba kliniki wamesema uvimbe usipopungua, mtoto atalazwa. Alikuwa akifua shuka ile ile mara ya pili bila kugundua. Nikaingia ndani nikachukua karai.

Nilitawadha kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani: viganja, mdomo, pua, uso, mikono, kichwa, masikio, miguu. Maji yote niliyakinga kwenye karai, hata yale ya kusukutua. Na hapo nikakosea. Nyanya alisema maji yachukuliwe, hakusema yapelekwe wapi. Dawa ya maji niliyoijua mimi ilikuwa kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa, maji yake mgonjwa akayanywa. Kwa hiyo nikachota kikombe cha bati, kikajaa, nikampelekea Nekesa.

Alikuwa peke yake kitandani.

"Kunywa," nikamwambia.

Akatazama ndani ya kikombe. Maji yalikuwa na rangi ya vumbi la Mbotela na unyasi mmoja ulielea. Nikaanza kulia. "Ni mimi. Jicho ni langu. Niliomba sauti yako ikauke. Na ule mwisho nimeutunga."

Nekesa akachungulia kikombe tena. Kisha koo lake likatoa sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta, sauti ya kwanza tangu Jumatano.

"Umeosha miguu humu?"

"Ndiyo."

"Na mdomo?"

"Ndiyo."

Akacheka. Kicheko kilimuuma, alijishika shingo huku machozi yakimtoka, na hakuweza kuacha. Nyanya alitukuta hivyo, mmoja analia na mwingine anacheka, kikombe katikati.

Nikamwambia naye yote. Nilingoja kofi. Alichukua kikombe, akakinusa, akasema, "Haya hayanywewi, mjinga wewe. Humwagwa." Akaleta karai lenyewe, akamwinamisha Nekesa, akammwagia kichwani na shingoni polepole mpaka maji yakaisha. Kisha akaupitisha mkono wake uliolowa usoni kwangu. "Umejitokeza," akasema. Hakuongeza neno, wala hakulitaja tena mpaka alipokufa.

Jumatatu sauti ilirudi, imekwaruza lakini ni yake. Mama Nekesa alisema ni sindano. Nyanya alisema sivyo. Walikaa na ubishi huo miaka mingi, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Mchana ule watoto walimzunguka penye bomba. "Nekesa, mwisho ndio huo? Wa bibi na mwiko?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na ndoo. Neno moja tu kutoka kwake, na mimi ningekuwa mwongo wa Mbotela mpaka nizeeke. Tena alikuwa na haki. Nekesa alinitafuta kwa macho, akanipata.

"Ndio huo," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Hata Saumu amesahau kipande, huyo bibi aliwafagiza hao mashetani kiwanja chote ndio akawaachilia."

Wakacheka, na mimi nikapewa nafasi kwenye saruji, karibu naye. Tulipobaki wawili nilimuuliza mwisho wa kweli ni upi. "Si umeshaumaliza wewe," akasema, akaenda kuchota maji.

Nekesa anakaa mtaa wa Pipeline siku hizi, ghorofa ya nne, magoti yanamsumbua na hashuki ovyo. Mimi ndiye ninayepanda. Juzi mjukuu wake alikuwa anatazama kwenye simu Wachina wanaokimbizana na mashetani, makaratasi yanaruka, naye anacheka peke yake. Nikauliza tena, baada ya miaka zaidi ya arubaini, "Ile yetu iliishaje?"

"Iliisha na mwiko," Nekesa akasema, akanimiminia chai.

Sijui kama lile jicho langu lilimpata au ni koo tu lililoingiliwa na baridi. Wivu wa picha uliniisha, huo ulibaki kwenye karai. Lakini Jumatatu ile ile ukaingia mwingine. Aibu yangu alikuwa ameishika mkononi, mbele ya watu wote, akaifunika na kuirembesha. Ningekuwa mimi nisingefanya hivyo, najijua. Kitu hicho alicho nacho nimekitamani tangu siku ile, nimetawadha maelfu ya mara, na bado nakitamani.

Ndiyo maana kila nikitoka kwake nasema mashallah, kimoyomoyo, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka chini.