Siku Mzaramo Alipombeba Bibi Mtaroni

Mvua za mwaka ule zilipoondoka na kivuko chetu, sisi vijana hatukujali sana. Zilikuwa mbao tatu tu, zimelazwa juu ya mtaro mkubwa uliopita katikati ya mtaa wetu pale Cheyo. Kwetu sisi kuvuka bila mbao ulikuwa mchezo: unakunja kanga, unateremka, unaruka tope, unapanda upande wa pili. Aliyeumia ni Bibi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na shoga yake ng'ambo ya mtaro. Walikua pamoja, wakaolewa karibu pamoja, wakazeeka pamoja, na kila siku baada ya sala ya alasiri Bibi alivuka kwenda kusuka ukili wa mikeka naye. Sasa magoti hayakumruhusu kuteremka mtaroni. Kuzunguka kwa barabara kubwa ni mbali. Baiskeli hakuitaka kuisikia, alikwisha kupakiwa mara moja akaanguka. Vijana walipojitolea kumbeba aliwafukuza: "Mimi ni gunia la karanga?"

Basi wale bibi wawili wakawa wanasimama kila mmoja ukingoni kwake na kupiga kelele.

"Mkweo amerudi?"

"Amerudi, na njaa yake!"

"Na lile jambo?"

"Lipi?"

"Lile la siri!"

Mtaa mzima ulilijua lile jambo la siri kabla ya magharibi. Watu waliacha kutwanga ili wasikie vizuri. Tulicheka sana, na Bibi naye alirudi nyumbani akicheka.

Kisha shoga yake hakutokea ukingoni. Homa ilikuwa imemlaza na kifua kimembana, hata kukaa kitako alikaa kwa kuegemezwa. Bibi aliita, akaita tena, akarudi akaketi barazani na ukili mkononi bila kuusuka. Nikawa mimi ndiye wa kupeleka maneno. "Mwambie ale." Narudi: "Anasema hana hamu." "Mwambie hamu haitangulii, tonge ndilo linatangulia." Jioni moja akaniuliza, "Amekonda?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Unanidanganya, mke mwenzangu. Ukidanganya unatazama paa."

Usiku ule aliniambia kwa sauti ndogo kwamba haogopi shoga yake kufa, maana wote watakufa. Anaogopa afe bila ya wao kuonana, na huku anasikia jogoo wa nyumba yake akiwika. Nilishindwa kula.

Asubuhi nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, fundi viatu, mtu mpole mwenye misumari midogo mdomoni muda wote. Aliitema misumari akasema, "Tufuate ngazi." Tukaifuata. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa tawi, naye akatuelekeza ofisi ya mji, kwa afisa anayeshughulikia barabara na mitaro. Nilivaa gauni langu la Idi.

Yule afisa alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Balozi alivua kofia. Mimi nilipiga goti, nikasema shikamoo. Nikaeleza habari ya kivuko, naye akanisikiliza kwa makini, na hapo ndipo akili yangu ilipofunguka mabawa. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kuota sikufundishwa na mtu. Nchi ilikuwa imejitawala, mambo yote yalionekana yanawezekana. Nikasema kivuko kiwe na vyuma vya kushikilia. Na taa. Na benchi kila upande, wazee wapumzike. Nilipofika kwenye maua, balozi alinikanyaga mguu.

"Ndugu zangu," afisa akasema kwa upole, "maombi yenu yamepokelewa. Yatafikiriwa."

Njiani balozi alinitazama, akatikisa kichwa. "Tumekwenda kuomba mbao, binti. Wewe umeomba Dar es Salaam."

Tukangoja. Haikuja hata fito. Wenyewe tulilaza gogo, mvua moja ikalichukua.

Siku moja Bibi akauliza, "Huyo afisa wenu, ni mtu wa wapi?"

"Balozi anasema ni Mzaramo, wa Kisarawe."

Bibi akaweka ukili chini. "Mzaramo? Na mlimsalimuje?"

"Nilimwamkia, Bibi. Balozi alivua kofia."

"Mzaramo mnamvulia kofia! Mnampigia goti kama mnakwenda kuposa! Ndiyo maana amewaona wageni."

Alisema kweli. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara kutoka huku kwetu hadi pwani, wakipita nchi yao. Mtani unaweza kumtukana mbele za watu, unaweza kumnyang'anya kitu chake, na akinuna aibu ni yake. Ukimwendea kwa adabu kubwa umemwambia kwamba hamna udugu. Balozi nami tulikuwa tumefanya hivyohivyo, tena kwa gauni la Idi.

Afisa alikuwa akisali Ijumaa msikiti wa upande wetu, na akitoka hupita na baiskeli yake mbele ya nyumba yetu. Ijumaa iliyofuata Bibi aliketi barazani, amejifunga kanga kiunoni. Afisa alipokaribia, mara Bibi yuko katikati ya njia, ameshika usukani wa baiskeli.

"Mzaramo! Unapita hapa kwa ruhusa ya nani?"

Yule kijana alishtuka. Akamtazama Bibi, akatutazama sisi, uso wake ukaanza kufunguka. "Ruhusa ya nani tena, kizee cha Kinyamwezi? Babu yako alipofika kwetu aliomba ruhusa? Alipewa nazi akaitafuna na kifuu chake!"

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Bibi hakuachia usukani. "Aliitafuna kwa sababu mlimficha panga, wachoyo nyinyi! Baiskeli hii ni yangu tangu leo."

"Nirudishie baiskeli yangu, nina kazi."

"Nivushe kwanza. Babu zangu wamebeba mizigo mpaka kwenu, migongo ikachubuka. Leo zamu yenu. Inama!"

Hakukuwa na kijana wa mtaa aliyekubaliwa kumbeba, lakini mtani ni mtani. Afisa alicheka mpaka akafuta macho. Akavua viatu, akanipa kalamu zake nizishike, akainama. Bibi akapanda mgongoni.

Pale ukingoni kicheko cha afisa kilipungua. Aliteremka kwa kujishika kwenye majani. Katikati tope likammeza hadi magotini, suruali ya ofisini na yote. Alisimama, akayumba, akasema, "Bibi, watu hupita hapa kila siku?"

"Wanaovuka, wanavuka. Wasiovuka wanasubiri nyinyi mfikiri. Nyanyua mguu!"

Tulimsukuma kutoka nyuma, akapanda. Alimfikisha Bibi hadi mlangoni kwa shoga yake. Mimi niliingia nao. Shoga alikuwa ameegemezwa ukutani, mdogo kama mtoto. Alifumbua macho, akamtazama Bibi, akamtazama mtu wa matope nyuma yake.

"Umeolewa tena?" akauliza.

Bibi alicheka, kisha akalia, kisha akaagiza uji. Shoga alikunywa bakuli zima kutoka mkononi mwake. Afisa alikuwa bado mlangoni.

Bibi alimwambia, "Sirudi kwangu mpaka nirudi kwa miguu yangu. Na baiskeli hairudi kabla yangu."

Ikawa hivyo. Mbao zililetwa, nzito na pana, na nguzo za kuchimbiwa. Wananchi tulitoa nguvu zetu, na afisa alikuja kwa miguu kila siku kusimamia, akitukanwa na wazee wote wa mtaa, naye akiwajibu. Vyuma vya kushikilia vilipatikana. Maua hayakupatikana, nikayapanda mwenyewe.

Kivuko kilipokwisha, Bibi alitoka kwa shoga yake akavuka polepole, afisa akimtangulia kinyumenyume. Katikati alisimama. "Mzaramo, msumari huu umeuacha nje ili unichome?" Nyundo ikaletwa, ukapigwa palepale. Akafika upande wetu, akamkabidhi Mzaramo baiskeli yake, akaingia ndani. Alitoka na kanga mbili na kijungu cha asali, akavuka tena kurudi kwa shoga yake, ambaye siku hiyo alikuwa ameketi nje kwa mara ya kwanza.