Siku Aliyoimba Shangazi Kalenda

Kazini walimwita Kalenda, na jina likamganda mpaka nyumbani. Mtajie shangazi yangu tarehe yoyote, atakuambia mfalme gani alivuliwa taji siku hiyo, meli gani ilizama na mpiga gitaa gani alizaliwa. Muulize mara ya mwisho alikula chakula kikiwa cha moto ni lini, hakumbuki. Ya dunia aliyabeba yote kichwani, ya kwake akayaweka kando. Mimi niliyeishi naye nilikasirika kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe hakuwa na nafasi ya kukasirika.

Alikuwa mtunza santuri katika kituo cha redio. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya chini, ukishapita choo, na dirisha lake pekee lilitazama ukuta wa jirani. Rafu zilipanda hadi darini. Kulikuwa na gramafoni ya kujaribia, feni iliyolalamika kila ikizunguka, na kitambaa laini cha kufutia vumbi ambacho hakikutoka begani mwake. Humo ndimo alimoandika kipindi cha "Siku Kama ya Leo", kinachosomwa kila asubuhi baada ya taarifa ya habari. Kwanza mambo makubwa ya dunia yaliyotokea tarehe hiyo, kisha mambo ya muziki, halafu wimbo mmoja wa kufungia. Yeye aliandika, mtangazaji akasoma. Sauti ya shangazi haikufaa hata kusoma bei za sokoni. Alipasuliwa tezi ya shingo angali msichana, na tangu hapo akisema neno ni kama kiti kinaburutwa sakafuni.

Kabla ya kisu cha daktari, shangazi aliimba, na kidonda cha maisha yake kilianzia hapo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimwambia Bibi, yaani mama yake, kwamba anakwenda kujifunza cherehani, kumbe anakwenda mazoezini kwa bendi moja ya dansi. Kiongozi wake walimwita Bwana Tarumbeta. Tarehe kumi na mbili Aprili bendi iliingia studio. Shangazi alikuwa mfupi, wakamsimamisha juu ya kreti la soda ili afikie kipaza sauti, akaimba mara moja tu, na fundi mitambo akasema inatosha, msimchoshe mtoto wa watu.

Kabla ya lebo, ile karatasi ya majina katikati ya santuri, kuchapwa, Bwana Tarumbeta alimwita pembeni.

"Mwanangu, mke wangu akiona jina la msichana kwenye santuri yangu, mimi silali ndani. Tuandike jina lake yeye. Jina ni la amani ya nyumba tu. Sauti inabaki yako, nani atakunyang'anya sauti?"

Akakubali. Angefanyaje? Kuna watu hununua amani ya nyumba zao kwa mali ya watoto wa wenzao, na bado wakaitwa waungwana. Mke wa Bwana Tarumbeta, ambaye hata kumwimbia mtoto alale hakuweza, akawa mwimbaji kwa maandishi.

Siku wimbo ulipopigwa redioni kwa mara ya kwanza, Bibi alikuwa anapiga pasi. Shangazi alishindwa kujizuia. "Mama, ni mimi huyo! Ni mimi ninayeimba!" Bibi akaweka pasi pembeni, akasikiliza hadi mwisho. Mtangazaji akataja bendi, akataja mwimbaji: mke wa kiongozi, jina lake na la baba yake.

"Kumbe cherehani inafundisha na uongo," Bibi akasema.

Shangazi akaapa. Akauimba wimbo mzima pale pale mbele ya meza ya pasi. Bibi akamwambia hata kasuku anaiga. "Njia ya mwongo fupi. Siku redio ikiniambia ni wewe, nitakuomba radhi mbele ya watu."

Bibi hakuwa mkatili. Alikuwa na sababu, na hiyo sababu ndiyo ilinifanya nishindwe kumchukia. Babu yangu alikuwa fundi wa reli. Treni ilipoanguka, zamani kabla ya wimbo ule, majirani walikuja kwa zamu kumwapia Bibi kwamba mumewe ameonekana, yu mzima, ameumia mguu tu. Walikuwa watu wema, na wote walisema uongo. Kisha redio ikasoma majina ya waliokufa, na la Babu likiwemo. Jeneza lililetwa limepigiliwa misumari, amri ikawa lisifunguliwe. Kwa hiyo Bibi alimzika mumewe kwa neno la redio peke yake. Baada ya hapo, redio ikisema mvua itanyesha, Bibi alianua nguo hata kama jua linawaka.

Na shangazi akawa mwongo wa nyumba. Halikuwa jambo la kugombana, lilikuwa mazoea, jambo baya zaidi kuliko ugomvi. Akisema amelifunga geti, Bibi alitoka kwenda kulitikisa. Akisema chumvi imetosha, Bibi alionja kwanza. Wageni wakija waliambiwa huku wakichekeshwa, "Huyu binti yangu msimwamini sana, alianza zamani." Wageni walicheka. Shangazi naye alicheka kidogo, akaingia jikoni. Miaka ikaenda hivyo, sauti ikaharibika, Bwana Tarumbeta na mkewe wakafa wakiheshimika, bendi ikasambaratika. Akabaki na santuri moja rafuni ambayo lebo yake ilimkana.

Mtu akiniuliza kwa nini aliomba kazi ya redio, kati ya kazi zote, namwambia afikirie mwenyewe.

Kazi yenyewe aliifanya kwa ukali. Zamani kidogo, kabla ya kukabidhiwa kipindi, mtangazaji mmoja aliyependa sifa alitangaza kwamba siku kama ya leo alifariki mpiga ngoma fulani. Alisikia kwa rafiki, rafiki alisikia kwa kinyozi. Watu wakaenda msibani, wakamkuta marehemu amevaa fulana anakunywa chai. Kituo kikaomba radhi wiki nzima. Shangazi alipokabidhiwa akaweka sheria yake, na kila mtangazaji mpya alimezeshwa kabla ya kuonyeshwa choo kilipo: "Mtu anasahau, mtu anajipendelea, mtu anadanganya. Lebo haidanganyi. Jina la mwimbaji likupe shaka, shuka kwangu, toa santuri, soma lebo. Lebo ikisema hivi na mimi nikisema vile, fuata lebo."

Nilimwambia mara moja, "Shangazi, wewe unajua kuna lebo inayodanganya."

Akajibu, "Moja. Nikiikataa hiyo, kila mtu ataleta yake."

Basi kila Aprili ilipofika kumi na mbili, aliandika kama kawaida. Siku kama ya leo, rais wa Marekani alifariki vita vikiwa ukingoni. Siku kama ya leo, mtu wa kwanza alirushwa angani, akaizunguka dunia, akarudi akiwa hai. Upande wa muziki, siku kama ya leo, wazungu fulani walirekodi wimbo wa roki uliowatoa vijana wa dunia nzima kwenye viti. Ilikuwa siku nono, yenye wakubwa wa kila aina. Binti aliyesimama juu ya kreti la soda hakuwahi kupata mstari. Jioni alirudi nyumbani na kuulizwa na Bibi kama kweli geti amelifunga.

Mwaka wa mwisho wa shangazi kabla ya kustaafu, moyo wa Bibi ulianza kuchoka. Daktari alitueleza kwa upole wa kutisha. Bibi akawa wa kitandani na kiti cha dirishani, na kazi ya kulitikisa geti akaniachia mimi. "Mjukuu wangu, kaangalie. Shangazi yako kasema kalifunga." Nilikwenda. Mara zote lilikuwa limefungwa.

Aprili ikakaribia. Jioni moja nilimkuta shangazi mezani na karatasi ya kipindi, kalamu ipo mdomoni. Akanisogezea. Mtu wa angani alikuwepo, rais alikuwepo, roki ilikuwepo. Mwisho aliandika: siku kama ya leo ulirekodiwa wimbo huu tunaofungia, mwimbaji ni, halafu jina lake mwenyewe na la baba yake, Babu yangu, fundi wa reli.

"Na lebo?" nikamuuliza.

"Mara hii moja lebo itanyamaza." Akaichukua karatasi, akaikunja. "Sitaki sifa, mwanangu. Nataka mama asinifie akiwa ananiita mwongo. Basi."

Karatasi akampa mtangazaji wa zamu, kijana waliyemwita Asali kwa sauti yake, mwanafunzi wake mpenzi kuliko wote. Aliona haya kumweleza habari yote. Alimwambia tu, "Usiruke mstari hata mmoja." Asali akamjibu, "Kwani nimewahi kuruka, mama?"

Asubuhi hiyo shangazi aliomba ruhusa abaki nyumbani. Alimvisha Bibi gauni safi, akamkalisha dirishani, akaisogeza redio hadi ikagusa mkono wa kiti. Mimi nilikaa mlangoni na pazia nililokuwa nalishona, nikajichoma sindano mara mbili kabla habari hazijaisha.

"Leo wewe huendi kazini?" Bibi akamuuliza.

"Leo nasikiliza na wewe, mama. Kuna kitu nataka usikie."

Asali akaanza. Vita, rais, kifo. Mtu wa angani akapaa na kurudi. Shangazi alikuwa amekaa chini, karibu na miguu ya mama yake, anasogeza midomo, maana kila neno lilikuwa lake. Roki ikapita. Ndipo Asali akasema, kwa utamu wote aliojaliwa, "Na siku kama ya leo ulirekodiwa wimbo huu tunaofungia. Mwimbaji ni..."

Akataja mke wa Bwana Tarumbeta. Jina lake na la baba yake, bila kukwama.

Midomo ya shangazi ilikuwa bado inalitamka jina lake mwenyewe.

Wimbo ukaanza. Tarumbeta kwanza, kisha ile sauti, changa, safi, ya msichana aliyesimama juu ya kreti na ambaye hakuna aliyemdhuru bado. Ilijaa chumba kizima. Bibi alifumba macho, akawa anagonga mkono wa kiti kwa kidole.

"Mwanamke huyu alijaliwa," akasema. "Sauti kama hii Mungu hagawi ovyo."

Simu ya shangazi ikalia wimbo haujaisha. Nilisikia kila kitu, maana Asali hajui kunong'ona. "Mama Kalenda, nimekuokoa! Kwenye jina la mwimbaji uliandika jina lako wewe, nadhani ulikuwa unatia sahihi ukachanganya mistari. Nikapata shaka. Nikashuka, nikatoa santuri, nikasoma lebo, kama ulivyotufundisha."

Hapo ndipo nilipotaka kuitupa simu ukutani. Ningemtukana nani lakini? Kijana alifanya kazi yake vizuri. Alifundishwa na mwalimu bora.

"Umefanya vizuri, mwanangu," shangazi akamwambia kwa ile sauti ya kukwaruza. Akakata simu. Alipoona nimesimama, nimefungua mdomo, alinifuata haraka akanisukumia koridoni.

"Namwambia," nikasema. "Namwambia sasa hivi kwamba redio imekosea."

"Hapana."

"Shangazi!"

"Akili yako iko wapi? Babu yako kazikwa kwa neno la redio. Ukimwambia leo redio hukosea, si atakufa akimngoja mumewe arudi?" Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Rudi ukashone."

Kutoka chumbani Bibi aliita. Hakuniita mimi. Shangazi akajifuta kwa upindo wa gauni, akaingia, nami nyuma yake. Bibi alikuwa ameizima redio mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Akampapasa shangazi kichwani kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa.

"Najua kwa nini umenikalisha nisikilize," akasema. "Ulitaka niusikie ukweli kwa redio, ili yaishe. Kukiri kwa mdomo wako kumekushinda, umeona redio ikukirie. Si kitu. Ulikuwa mtoto, na utoto una mambo. Mimi nimekusamehe, mwanangu. Nimekusamehe kabisa."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameinama, paji la uso limegusa magoti ya mama yake.

"Asante, mama," akasema.

Jioni alitoka uani, akarudi akipangusa mikono, akasema geti amelifunga. Nikainuka kama kawaida yangu kwenda kulitikisa.

"Unakwenda wapi?" Bibi akaniuliza. "Si shangazi yako kasema limefungwa? Kaa."