Nilimtafutia binti yangu nafasi ya ndege kwa siri, Kikula nzima ikasikia

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za leo. Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Shahidi wangu ni mke wangu, yuko hapa pembeni anachambua maharage, na nikidanganya atanisuta kabla yenu.

Nimesoma humu uzi wa mama mmoja ambaye mwanawe wa chuo amekwama airport, Krismasi ndiyo hiyo, ndege imeahirishwa mara tatu. Mama halali. Kuna watu wamemcheka kwenye comments. Eti mtoto mkubwa huyo, ana simu, ana chaji, mama analia nini?

Mimi sikucheka.

Mimi ni Mkongomani. Siku hizi naishi Tunduma, na Kiswahili hiki mnachokisoma nimekipata huku kwenu. Ila maisha yangu ya kazi yalipita Likasi, Katanga, miaka ya tisini, nchi bado inaitwa Zaire na kila kitu kinatubomokea mikononi.

Nilikuwa fundi wa zamu kituo cha umeme cha Koni. Mshahara ulikuwa unakuja ukijisikia. Aliyetulisha ni mke wangu, Mama Georgette, akiuza unga na samaki wakavu soko la Kikula, mtaa wetu.

Georgette ndiye binti yetu wa kwanza. Mwaka ninaousimulia alikuwa anasoma udaktari Kinshasa, mwaka wa pili.

Kwa msiojua jiografia yetu: Likasi na Kinshasa ni nchi moja kwenye ramani tu. Barabara hakuna. Treni na boti unaweza kukaa njiani mpaka ukasahau ulikuwa unaenda wapi. Njia ya maana ni ndege mpaka Lubumbashi, halafu lori mpaka kwetu.

Sasa mimi mtu wa zamu. Kwetu Koni ukiandikiwa saa sita unaingia saa sita, mwenzako anakukabidhi daftari, anaondoka. Nikaamini na ndege ni hivyo hivyo. Mke wangu alisema mtoto abaki Kinshasa, aje likizo kubwa. Mimi nikasema hapana, tiketi ina tarehe na saa, atakula Noël, yaani Krismasi, nyumbani.

Tarehe iliyoandikwa nikaenda Lubumbashi kumpokea. Nikakaa uwanjani siku mbili nikitazama mawingu. Ndege haikuja, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Nikarudi Likasi na mikono mitupu, na kusema kweli niliogopa kuingia nyumbani.

Simu zilikuwa zimekufa. Kilichobaki ni phonie.

Vijana wa leo hamuijui phonie. Ni redio ya mawasiliano. Ya kwetu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Mzee Ramazani, Mwislamu mwenye asili ya Kasongo, mtu mstaarabu sana. Unaacha ujumbe, unapewa saa. Mtu wako Kinshasa naye anakwenda kwenye phonie ya huko, saa ileile.

Unabonyeza kitufe, unaongea, ukimaliza unasema "à vous", ndipo mwenzako anajibu. Akiwa anaongea huwezi kumkatiza hata akikutukana. Na sauti inatoka kwenye spika, kwa hiyo foleni nzima inasikia mambo yako.

Hapo ndipo penye adabu ya phonie. Mwenzako akiongea, nyie mnaosubiri mnaangalia ukuta. Mtu akisikia kaka yake kafa, akisikia mke kaolewa na mwingine, nyie mnaangalia ukuta. Hakuna aliyefundishwa, kila mtu anajua tu.

Tarehe ishirini na mbili Desemba tukampata Georgette. Sauti inakuja na kwenda. Ndege haina mafuta, wanalala uwanjani juu ya mizigo siku ya nne, kila siku wanaambiwa kesho.

Mimi nilitaka kujua amekula nini. Mke wangu akaninyang'anya kitufe, akauliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga:

"Georgette, bantoto ba Likasi beko ngapi pale? Uniambie majina yabo na majina ya bababa yabo. À vous."

Wakuu, nilikasirika! Dakika zetu za shida, anaulizia watoto wa watu! Kwenye spika Georgette anataja jina moja moja, na mke wangu anaandika kwenye karatasi ya kufungia samaki. Wanafunzi kumi, na Georgette wa kumi na moja.

Akamwambia: "Weye njo mukubwa yabo sasa. Asubui unaita majina, magaribi unaita majina. Muntu asitoke peke yake. Na mukifika, kila muzazi anatia signature. Umesikia? À vous."

Signature! Sisi watu wa Zaire ya zamani tulipenda karatasi. Hata ukipokea mfuko wa misumari unasaini kwamba umeupokea. Lakini kumsainia mtoto, hilo lilikuwa la mke wangu.

Tulipotoka pale hakwenda sokoni. Alianza kutembea nyumba kwa nyumba, Kikula, kisha Panda, kisha mjini, na karatasi yake inayonuka samaki. Mimi nyuma nimenuna. Kila mlango anasema: mwanao ni mzima, yuko na wenzake, binti yangu anawahesabu.

Nyumba ya nne, mama mmoja alikaa chini palepale mlangoni akashika miguu ya mke wangu. Hakuwa amepata habari ya mwanawe tangu Novemba. Hapo nikaacha kununa, lakini sikumwambia.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Kulikuwa na rafiki yangu wa zamani wa Koni aliyehamia Kinshasa, anapakia ndege za mizigo. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kimya kimya kwa redio ya kazini. Jioni ile likaja jibu: kesho kutwa, tarehe ishirini na nne, kuna ndege ya mizigo inakuja Lubumbashi. Nafasi moja, juu ya magunia. Moja tu, na atampa yule nitakayemtaja mimi.

Sikumwambia mke wangu. Nilijua atasema nini.

Nilikuwa naogopa, wakuu. Nilisikia kuna wanafunzi mwaka uliotangulia walikaa mpaka Februari. Nilimuona mwanangu amelala sakafuni katikati ya wanajeshi na wezi, na ni mimi niliyesema aje. Kwa hiyo kesho yake asubuhi nikachukua saa yangu ya phonie nikaenda peke yangu.

Chumba kimejaa. Nilikuwa nimesahau kwamba baada ya mzunguko wa mke wangu, wazazi wote wa ile karatasi wamejua saa ya Georgette. Wamekaa kwenye mabenchi, mmoja na kofia yake mkononi. Walinisalimia kama mkwe.

Saa ikafika. Nikashika kitufe. Wao wakaangalia ukuta.

Nikaona nifanye ujanja. Nikanong'ona.

Kwenye phonie! Kitu ambacho hata ukipiga kelele kinasikika nusu!

Georgette: "Papa, sikusikie. Sauti iko chini sana. Rudilia. À vous."

Nikapandisha kidogo. Hakusikia tena. Sasa kazi ya mwenye phonie, sauti ikiwa dhaifu, ni kuirudia kwa mdomo wake, maana yeye amezoea. Mzee Ramazani, kwa wema wake wote, akavuta kipaza sauti akarudia neno kwa neno, kwa ile sauti yake ya adhana:

"Baba yako anasema: rafiki yake ana nafasi ya ndege, moja tu! Panda peke yako! Usiambie bengine! À vous!"

Watu walikuwa wanaangalia ukuta. Nawaambia sijawahi kuona watu wanaangalia ukuta vile.

Georgette akajibu, na mimi siwezi kumkatiza.

"Papa, minasikia muzuri sasa. Asubui niliita majina, Solange hakuitika. Tulimutafuta, tukamukuta nyuma ya masanduku ya mizigo, iko na malaria ya nguvu, hawezi kusimama. Ile nafasi ni ya Solange. Minye nitabakia na bengine, mama alinipatia bantu, siwezi kubaacha. Uambie rafiki yako jina la Solange. À vous."

Baba yake Solange alikuwa benchi la mbele. Dereva, mtu mkubwa mwenye shingo nene. Hakugeuka. Adabu ni adabu. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kofia imeanguka chini hajaiokota.

Mzee Ramazani akanitazama. Wazazi wote hawakunitazama.

Nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Nilihesabu moyoni: Solange si damu yangu. Rafiki ni wangu. Ndege nyingine hakuna anayejua. Kidole kiko kwenye kitufe. Halafu nikafikiria kwamba huyu mtoto anayelala sakafuni, miaka ishirini, hajala vizuri siku tano, hakuhitaji hata dakika moja kuamua.

Nikabonyeza. Safari hii nilipiga kelele mwenyewe.

"Umupandishe Solange. À vous."

"Merci, papa. Terminé."

Nilitoka nikamtumia rafiki yangu jina la Solange. Nikaenda sokoni kumwambia mke wangu kabla hajasikia kwa watu. Bure. Kikula habari inafika kabla ya miguu yako.

Alikuwa anampimia mteja unga. Akamaliza, akafunga, akamrudishia mfuko wake. Ndipo akaniuliza bila kuniangalia: "Ulisema 'usiambie bengine'?"

"Nilisema."

"Na kiisha?"

"Kiisha nilisema Solange apande."

Akakaa kwenye kigoda. Akafunika uso kwa kitenge akalia, katikati ya soko, na wateja wake wanasubiri. Siku zote zile nilidhani yeye haogopi. Kumbe aliogopa kuliko mimi. Ila yeye woga wake aliupa kazi ya kufanya, na mimi wangu niliufanyia ujanja. Siku ile nilimpenda upya yule mwanamke, na nasema hadharani kwa kuwa anajifanya hasikii.

Solange alifika tarehe ishirini na nne kweli. Baba yake alimbeba kwa gari kutoka Lubumbashi mpaka hospitali ya Likasi. Daktari alisema siku mbili zaidi pale sakafuni asingepona.

Kisha mke wangu akazunguka tena zile nyumba. Safari hii anasema: Noël hatuli mpaka wafike. Mkienda misa nendeni, lakini kuku wabaki hai. Na mtaniamini? Wazazi wote walikubali. Tarehe ishirini na tano tulikula ugali na majani ya mihogo kama Jumanne yoyote, na kuku wetu wanatembea uani wamenenepa.

Ishirini na sita, kimya. Ishirini na saba, kimya. Ishirini na nane phonie ikasema wamepakiwa, halafu ikasema wameshushwa.

Tarehe thelathini, mchana, nikasikia lori na watu wanaimba.

Nikatoka mlangoni. Georgette amesimama nyuma ya lori, amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa, daftari mkononi. Akaniona. Akainua mkono. Nami nikafungua mikono yangu.

Lori likapita.

Likapita mlango wetu na halikusimama! Nikaanza kukimbia nyuma yake, mzee mzima, napiga kelele dereva simama. Mke wangu akanivuta shati.

"Muache kwanza. Kazi yake haiyaisha."

Tulisubiri karibu saa mbili. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Lori lilizunguka Kikula, Panda, mjini, nyumba kwa nyumba, na kila mlango tukasikia kwa mbali vigelegele ambavyo si vyetu.

Kisha akaja kwa miguu, peke yake, kiatu kimoja kimekatika kamba. Hakumkumbatia mtu. Alinipa daftari na kalamu.

Majina kumi, na mbele ya kila jina signature ya mzazi. La Solange amesaini baba yake, kubwa, karibu atoboe karatasi. Chini kabisa jina la kumi na moja, Georgette, na mbele yake pako wazi.

"Papa, hapa ni pa weye."

Nimesaini karatasi nyingi Koni. Ile nilisaini mke wangu akinishikia daftari. Nilipomaliza, ndipo Georgette akaniangukia kifuani.

Wakuu, nilichojifunza ni kimoja. Mama wa ule uzi, mwanao akipiga simu usimuulize tu ndege ni saa ngapi, maana hata yeye hajui. Muulize yuko na nani, na nani kati yao hajapata wa kumuulizia. Mpe kazi. Mtoto mwenye watu wa kuwaangalia hapotei kirahisi.

Na nyie mliocheka kwenye comments, siku yenu ya kusimama mlangoni itafika.

Nimemaliza yangu. Waliowahi kumsubiri mtoto uwanjani au stendi, hebu semeni mlishikaje moyo. Hata wa kunisema kwa lile la "usiambie bengine" karibuni, nimesemwa nalo miaka yote hii na sijafa.